DABI YA KARIAKOO: NENO LA FARASI, MTAA WA WAPAGAZI

Leo sina habari za mapenzi wala za nani kamwacha nani. Leo nataka tulizungumzie neno moja ambalo vijana wa mjini tunalipigia kelele kila msimu mpaka sauti zinakauka, na ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Neno lenyewe ni DABI.

Simba na Yanga zikikutana, kuanzia Dar hadi huku kwetu Bukoba, utasikia "dabi ya Kariakoo" asubuhi, mchana na usiku. Redio zinatangaza, magazeti yanaandika, na huku Ijuganyondo ninakokaa hata mama wa chapati anakanda unga mara mbili kwa sababu anajua wateja watakuwepo.

Sasa sikiliza. Hilo neno dabi asili yake si mpira hata kidogo. Ni mbio za farasi. Na hiyo Kariakoo nayo, ukiifukua chini, utakuta habari ya farasi waliokufa na binadamu waliowekwa mahali pao. Ndiyo maana wiki hii nimeamua kulifuata neno hilo hatua kwa hatua: Uingereza lilikozaliwa, Marekani lilikopata umaarufu wa kutisha, Nairobi lilikofikia kwa reli, na mwisho Dar es Salaam. Njiani tutakutana na watu waliofanya kazi yote huku sifa zikienda kwa wengine. Twende taratibu, hakuna haraka.

SARAFU ILIRUSHWA JUU

Mwaka 1780 huko Uingereza walikuwepo mabwana wawili wenye pesa zao na wenye ugonjwa mmoja, yaani kupenda farasi kupita kiasi. Mmoja alikuwa Lodi wa Derby, mwingine Sir Charles Bunbury. Waliandaa mbio za farasi wa umri wa miaka mitatu mahali panapoitwa Epsom, karibu na London. Inasimuliwa kwamba walibishana mbio hizo ziitwe kwa jina la nani, wakaamua kurusha sarafu. Lodi wa Derby akashinda sarafu, Bunbury akashinda mbio zenyewe kwa farasi wake aliyeitwa Diomed.

Fikiria sarafu ile ingeangukia upande wa pili. Leo tungekuwa tunasema "Bunbury ya Kariakoo". Hebu jaribu kuitamka mbele za watu uone kama hawatakucheka.

Basi bwana, mbio zile zikakubalika, na baada ya muda kila nchi iliyopenda farasi ikataka kuwa na derby yake. Baadaye jina likaruka uzio likaingia kwenye mpira, likawa la mechi ya mahasimu wa mji mmoja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, zote za Dar es Salaam. Hapo ndipo neno lilipopata kazi kwetu.

Kabla hatujavuka bahari, jambo moja la kuchekesha. Hao farasi wa mbio, wale wenyewe huwaita wa damu safi, ukifuata ukoo wao kwa upande wa madume utaishia kwa madume matatu tu, yaliyopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki miaka ya mwisho ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18. Mmoja wao alinunuliwa Aleppo, huko Syria, mwaka 1704. Kwa hiyo farasi wote wale wa mabwana wa Kizungu wana babu wa kule kwa Waarabu. Damu safi ni maneno tu, kila mtu ana kwao.

Na yule Diomed? Alizeeka, thamani ikashuka, na mwaka 1798 akauzwa Marekani akiwa na miaka 21. Kwa farasi huo ni umri wa kukaa barazani na kuota jua. Lakini mzee huyo alipofika ng'ambo alizaa ukoo mkubwa sana. Mmoja wa wajukuu wa wajukuu zake aliitwa Lexington, na Lexington ndiye babu mzaa mama wa farasi aitwaye Aristides. Lishike jina hilo, tunalihitaji sasa hivi.

KENTUCKY, MWAKA 1875

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, alikuwepo kijana wa familia kubwa aliyeitwa Meriwether Lewis Clark mdogo. Babu yake ni yule William Clark aliyevuka Marekani kwa miguu na mitumbwi kwenda kuikagua. Mjukuu huyu yeye alivuka bahari kwenda Ulaya mwaka 1872, akaziona mbio za Epsom, akarudi kwao kachanganyikiwa. Akaomba ardhi kwa wajomba zake wa ukoo wa Churchill katika mji wa Louisville, akajenga uwanja. Uwanja huo mpaka leo unaitwa Churchill Downs, na wala hauhusiani na yule Churchill wa vita ya Hitler.

Tarehe 17 Mei 1875 zikakimbiwa mbio za kwanza za Kentucky Derby. Watu kama 10,000 walihudhuria. Farasi walikuwa 15. Tajiri mmoja aliyeitwa McGrath aliingiza farasi wawili, Chesapeake na Aristides. Mipango ilikuwa Chesapeake ndiye ashinde. Aristides kazi yake ilikuwa kwenda mbio mwanzoni awachoshe wapinzani, halafu ampishe mwenzake. Kwa lugha ya mpira, alikuwa namba sita wa kukaba, magoli afunge mwingine.

Siku hiyo Chesapeake aligoma, akabaki nyuma kabisa. Aristides akawa mbele peke yake, na mpanda farasi wake akawa anajizuia maana amri ni amri. Inaelezwa kwamba McGrath mwenyewe alisimama pembeni akampungia mkono aende. Akaenda. Akashinda. Mjukuu wa ukoo wa Diomed, mshindi wa Derby ya kwanza Uingereza, akawa mshindi wa Derby ya kwanza Kentucky.

Sasa hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri kwenye kiti. Aliyempanda Aristides siku ile aliitwa Oliver Lewis. Alikuwa mtu mweusi. Aliyemfundisha Aristides kukimbia aliitwa Ansel Williamson. Naye alikuwa mtu mweusi, tena aliyezaliwa mtumwa. Na kati ya wapanda farasi 15 waliosimama kwenye mstari siku hiyo, 13 walikuwa weusi.

WALIOSHIKA HATAMU

Usishangae, sababu iko wazi. Utumwa Marekani ulikomeshwa mwaka 1865, miaka kumi tu kabla ya mbio zile. Kabla ya hapo, kwenye mashamba ya Kentucky, mabwana walikuwa na farasi na watumwa ndio walikuwa na kazi ya farasi. Kumlisha mtumwa, kumwogesha mtumwa, kumlaza mtumwa, kumpanda alfajiri kumfanyisha mazoezi mtumwa. Kwa hiyo uhuru ulipokuja, waliokuwa wanamjua farasi kuanzia kwato hadi masikio walikuwa ni hao hao. Ujuzi walikuwa nao kichwani, haukuandikwa kwenye hati yoyote ambayo mtu angeweza kuwanyang'anya.

Matokeo yakaonekana. Katika Kentucky Derby 28 za mwanzo, 15 zilishindwa na wapanda farasi weusi. Mkubwa wao alikuwa Isaac Murphy, aliyezaliwa mwaka 1861. Alishinda Derby ya mwaka 1884, akashinda ya 1890, akashinda na ya 1891. Huyu bwana usipime. Alikuwa akipata pesa nyingi, anavaa anapendeza, na magazeti ya Wazungu yalimwandika kwa heshima. Alikufa mwaka 1896 kwa nimonia akiwa hajafikisha hata miaka 40. Kujinyima chakula kila msimu ili apunguze uzito kulimmaliza mwili, maana farasi wa mbio hataki mtu mzito mgongoni.

Baada yake akaja Jimmy Winkfield, mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto 17. Akashinda mwaka 1901, akarudia mwaka 1902. Mwaka 1903 akashika nafasi ya pili. Kijana yuko kileleni, umri miaka 21. Ungetegemea kusikia kashinda tena na tena, sivyo?

Hapana. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshika kasi katika ubaguzi wa rangi wa kuandikwa kwenye sheria. Na kwenye viwanja vya farasi pesa ilikuwa imenoga, kwa hiyo wapanda farasi wa Kizungu waliitaka peke yao. Mweusi akiingia mbioni wanambana kwenye uzio na farasi wao, wanamchapa mjeledi wa "bahati mbaya", wanamwangusha. Wenye farasi wakaona kumweka mweusi ni kujitakia hasara, wakaacha kuwaita kazini. Haikuhitajika amri ya serikali. Simu iliacha kulia tu, kama tusemavyo sisi vibarua.

Winkfield akaona isiwe taabu. Mwaka 1904 akaenda zake Urusi, akawa staa wa mbio za huko, anaishi kama mwana wa mfalme. Mapinduzi yalipotokea ikabidi akimbie tena. Mwaka 1919 yeye na wenzake waliondoka Odessa na kundi la farasi zaidi ya 200, wakawaswaga nchi kavu katikati ya vita hadi Poland, njiani wengine wakiwala kwa njaa. Akaishia Ufaransa, akapanda, akafundisha farasi, akafia huko mwaka 1974.

Mwaka 1961 alialikwa Louisville kwenye karamu ya watu wa Derby, katika hoteli kubwa ya mji. Mtu aliyeshinda mbio zile mara mbili alifika na binti yake mlangoni wakazuiwa kwanza kuingia mlango wa mbele, eti weusi hawapiti hapo. Ilibidi waeleze kwamba wao ni wageni waalikwa. Mpaka leo hakuna mpanda farasi mweusi wa Marekani aliyeshinda Derby baada yake. Na kuanzia mwaka 1921 hadi mwaka 2000 hakuonekana hata mmoja aliyepanda katika mbio hizo. Karibu miaka 80! Kazi waliyoianzisha wao.

Mbio zenyewe hazikusimama. Zimekimbiwa kila mwaka tangu 1875, kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei, isipokuwa miaka michache kama 2020 ambapo korona ilizisogeza hadi Septemba. Mwaka 1896 zilifupishwa hadi kama mita 2,000. Zinakwisha kwa dakika mbili hivi, mshindi anavishwa shada la waridi, na kina mama wanashindana kwa kofia kubwa ambazo ukikaa nyuma yake huoni kitu. Rekodi ni ya farasi aitwaye Secretariat, mwaka 1973, aliyetumia chini kidogo ya dakika mbili. Saisi wake, yaani mtunza farasi, alikuwa mtu mweusi aitwaye Eddie Sweat. Huko Kentucky kuna sanamu ya Secretariat, na safari hii Sweat hakuachwa nje: ndiye ameshika hatamu anamwongoza. Angalau huyo amewekwa kwenye shaba.

DERBY YAPANDA RELI

Mwaka ule 1904 Winkfield anakwenda Urusi, huku kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na mji mchanga wa mabati na matope ulioitwa Nairobi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899. Walowezi walikuwa hawajamaliza hata kujenga nyumba zao lakini tayari walikuwa wanashindanisha farasi. Ndivyo walivyo wenye ugonjwa huo. Wakaanzisha klabu ya mbio za farasi ya Afrika Mashariki, wakawa na uwanja upande wa mashariki wa mji, na Kenya ikapata derby yake kama Kentucky.

Ukienda Nairobi hata leo utakuta barabara iitwayo Racecourse Road, maana yake barabara ya uwanja wa farasi. Farasi hayupo. Kuna matatu, mitumba na mabasi ya kwenda bara. Uwanja ulihamishiwa Ngong Road mwaka 1954, na upo huko hadi leo chini ya klabu iitwayo Jockey Club of Kenya. Siku za mbio, majoki wengi utakaowaona ni vijana Waafrika wa Kenya.

Jina kubwa katika farasi wa Kenya ni la mwanamke. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi. Baba yake alifuga na kufundisha farasi huko Njoro. Baba alipofilisika akaondoka nchini, binti akabaki, akapata leseni ya kufundisha farasi akiwa na umri wa kama miaka 18, wakati kazi hiyo wanawake hawakupewa. Septemba 1936 alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, akipambana na upepo wa Atlantiki usiku kucha. Baadaye akarudi Kenya kwa farasi wake, na kwa muda akawa mwalimu wa farasi mwenye mafanikio kuliko wote nchini. Alifariki Nairobi mwaka 1986, nyumba yake ikiwa karibu na uwanja wa Ngong.

Safi sana. Lakini ukisoma kitabu alichokitoa mwaka 1942 utamkuta mtu mwingine humo, arap Ruta. Huyu alikuwa rafiki yake wa utotoni, wakati huo akiitwa Kibii, wanacheza na kuwinda pamoja. Walipokua, Beryl akawa memsahibu na Ruta akawa mtu wa kazi, anatunza farasi na baadaye anasaidia hata kwenye ndege. Umri ulewule, porini palepale, farasi walewale. Dada yetu ana vitabu na filamu. Ruta anaishi ndani ya kitabu cha bosi wake.

MBUNG'O AINGIA UWANJANI

Sasa utaniuliza, mbona Nairobi kuna mbio za farasi na hapa Kagera hakuna hata farasi wa kupigia picha? Mbona Watanzania wengi farasi wamemwona kwa polisi tu? Jibu linaruka na mabawa mawili.

Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake inawapunguza wadudu wabaya. Shuka chini uingie mapori ya joto, mfano huko Biharamulo, utakutana na mbung'o. Huyu akimuuma farasi anamwachia vijidudu vya nagana, ndugu wa malale ya binadamu. Farasi anakonda, anaishiwa damu, anakwenda. Tena kuna ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi vidogo ambavyo hata huvioni vizuri. Punda huvumilia kidogo, ng'ombe wa asili huvumilia kiasi, farasi hana ubavu huo.

Mwaka 1914 ikaja vita kuu ya kwanza. Walowezi wa Kenya wakaunda kikosi cha wapanda farasi, wengine wakija na farasi zao wenyewe, waje kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Walidhani ni mbio za wikiendi. Hata hapa Bukoba vita ilitufikia: Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu kwa meli, wakaushambulia mji siku mbili na kuangusha mnara wa redio wa Wajerumani. Mwaka 1916 askari farasi kutoka Afrika Kusini waliingia kupitia kaskazini wakakimbilia Kondoa Irangi. Farasi wao walianguka njiani mmoja baada ya mwingine. Katika vita hiyo farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu, na risasi haikuwa muuaji mkubwa. Mbung'o ndiye aliyeshinda.

Sasa jiulize: farasi wamekufa, nyumbu wamekufa, magari hayana barabara, reli imeishia huko nyuma. Chakula na risasi za jeshi zitabebwa na nani?

Wakabebeshwa watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Kila mtu mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, mvua yake, jua lake, chakula nusu shibe. Wengine walikwenda kwa mshahara, wengi walikamatwa. Mwaka 1917 ulipigwa msako mkubwa sana wa wanaume katika Kenya na sehemu za Tanganyika zilizokuwa zimeshatekwa. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na uchovu. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikubali zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilizidi hapo mbali sana.

Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, kambi ya wapagazi hao ikawekwa pembeni ya mji. Waswahili wakalichukua lile jina Carrier Corps wakalilainisha kwa ulimi wao. Likawa Kariakoo. Nairobi nako walikuwa na kambi yao, nako wakalilainisha kwa namna yao. Likawa Kariokor. Na hiyo Kariokor ya Nairobi, msomaji wangu, iko jirani na ile barabara ya uwanja wa farasi. Jina la farasi na jina la waliobeba mizigo ya farasi yanapakana mtaa kwa mtaa.

Umeona sasa? Ukisema "dabi ya Kariakoo" umetaja mambo mawili kwa pumzi moja. Dabi ni jina la lodi aliyerusha sarafu. Kariakoo ni jina la watu waliofanywa farasi, baada ya farasi kushindwa.

NA SISI WA KUBETI

Usifikiri habari hii ni ya zamani tu. Pita leo kwenye maduka ya kubeti mjini, kuna farasi wanakimbia kwenye tivii kila baada ya dakika chache. Wamechorwa na kompyuta. Nimemsikia dogo mmoja akisema, "Kaka, huyo namba sita leo kaamka vizuri." Rafiki yake akamjibu, "Dogo, huyo hajalala, ataamkaje?" Tulicheka, lakini mia tano zake zilikuwa zimeshakwenda.

Farasi wa kweli angalau ana mtu anayemjua. Mwaka 2000 Kentucky Derby ilishindwa na Fusaichi Pegasus, farasi aliyenunuliwa kwa dola milioni 4 akiwa mtoto. Mwaka 2022 ikashindwa na Rich Strike, aliyewahi kuchukuliwa kwa dola 30,000 tu, akaingia mbioni dakika za mwisho kwa sababu mwingine kajitoa, na hakuna aliyempa nafasi. Tajiri ananunua damu, lakini kuna mtu anaamka saa kumi usiku kumpima farasi miguu kwa mkono kama ina joto. Huyo ndiye anajua. Farasi wa kompyuta hana saisi, ana mwenye duka tu, na mwenye duka hapotezi.

Mzee mmoja jirani yangu nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, nikamweleza habari za farasi wa dola milioni 4. Akafikiri sana, akauliza, "Mwanangu, anakamuliwa lita ngapi?" Nikamwambia hakamuliwi, anakimbia tu. Akauliza tena, "Na anayemchunga analipwa kiasi gani?" Hilo la pili ndilo swali. Lilistahili kuulizwa Louisville mwaka 1875, Njoro miaka ya 1920, na kwenye kambi ya Kariakoo mwaka 1916.

Kwa hiyo vijana wenzangu, mechi ijayo shangilieni mtakavyo, jezi nyekundu au za kijani na njano, hilo halinihusu na wala sitawaambia mimi niko upande gani, nisije nikapigwa mawe hapa mtaani. Ila mkimaliza kupiga kelele za dabi, mtu akikuuliza ni neno la nani, usimtajie lodi peke yake. Mtajie Oliver Lewis. Mtajie Ansel Williamson, Isaac Murphy na Jimmy Winkfield aliyezuiwa mlangoni. Mtajie arap Ruta. Na wale wa Kariakoo ambao majina yao hatunayo, mwambie walikuwa wengi kiasi cha kuachia mtaa mzima jina la kazi yao.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kaeni poa.